MAABARA YA KIGOMA: HATUTAKI USHIRIKA WA KUPE NA NG'OMBE

Wananchi wa Kasulu na Kibondo, na ninyi nyote wana wa nchi hii mnaosoma gazeti hili,

Siku hizi kuna neno moja linalopendwa mno na wasomi, nalo ni ushirikiano. Kila mkutano, ushirikiano. Kila hotuba, ushirikiano. Neno ni zuri, nasi hatugombani nalo. Lakini kupe naye hushirikiana na ng'ombe. Hulala naye zizini, huenda naye malishoni, huvuka naye mto. Ukimwuliza kupe atakuambia kwamba wao ni washirika wa siku nyingi. Ila ikifika siku ya kuhesabu faida, mmoja amevimba na mwingine amekonda. Basi tunauliza mapema, kabla rangi ya kuta haijakauka: maabara za utafiti zinazokuja Kigoma zitakuwa za ushirika wa namna gani?

Tueleze jambo lenyewe. Mwaka 2021 Serikali ilikopa Benki ya Dunia dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya kupanua vyuo vikuu vyetu. Mradi huo unaitwa HEET. Katika mradi huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimepewa kazi ya kujenga kampasi yake mkoani Kigoma. Tumesikia habari hiyo kwa furaha kubwa. Mkoa huu umengoja sana. Reli ya Mdachi ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo kwa miaka mingi ilikuja kuchukua watu, haikuja kuleta elimu.

Tunajua wako watakaosema kwamba Kigoma haijawa tayari kwa mambo makubwa hivyo. Hao tunawakumbusha tarehe 25 Oktoba 1961. Siku hiyo Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria. Uhuru wenyewe ulikuwa bado wiki sita. Chama cha wakulima na makuli kilitoa nyumba yake, nyumba iliyojengwa kwa michango ya watu wasio na viatu, ili watoto wao wasome. Kama wangengoja mpaka wawe tayari, wangekuwa wanangoja mpaka leo.

Kwa hiyo sisi hatuulizi kama maabara ije. Na ije! Tunauliza mambo mawili tu. La kwanza, itasimama wapi? La pili, itakuwa mali ya nani? Chuo chenyewe kina neno "shirikishi" katika jina lake. Tunataka neno hilo lifike mpaka Makere, mpaka Heru Juu, mpaka Mabamba, lisiishie kwenye ubao wa getini.

DAMU YETU NA DARUBINI ZAO

Wananchi, sisi watu wa Uha si wageni wa utafiti. Utafiti unatujua zamani sana. Mdachi alijenga kituo chake cha sayansi Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Mwaka 1906 Dakta Robert Koch, aliyekuwa bingwa mkuu wa vijidudu katika Ulaya nzima, alikwenda visiwa vya Sese huko Uganda kutafuta dawa ya malale. Aliwachoma wagonjwa sindano ya atoxyl, dawa yenye sumu ya arseniki. Baadhi yao walipofuka macho. Baada ya hapo Mdachi akaweka kambi zake za malale kwenye pwani ya ziwa letu Tanganyika. Koch alirudi Berlin na sifa zake. Waliopofuka walirudi na nini?

Akaja Mwingereza. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya malale hayo hayo, watu wa Uha walihamishwa kutoka katika makazi yao ya asili wakakusanywa katika makazi mapya. Mashamba waliyoyaacha yakawa pori, na pori likawa nyumba ya mbung'o na wanyama wa mwitu. Halafu mwaka 1944 kikaundwa SILABU, chombo cha mabwana wa mkonge cha kuandikisha manamba, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakapakiwa kwenda Tanga. Basi kwa Mkoloni, Muha alikuwa na faida mbili: mkono wake wa kukata mkonge, na damu yake ya kutazamwa kwa darubini. Kichwa chake hakikutakiwa.

Je, kichwa hicho hakikuwapo? Hebu tutazame Gombe. Marehemu Bibi Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960. Dunia nzima inalijua jina lake, nasi tunamheshimu. Lakini ni wangapi wanaojua yaliyotokea Mei 1975? Waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa Kizungu, na watafiti wageni wakalazimika kuondoka. Kazi ilikufa? Haikufa. Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi waliendelea kuwafuata sokwe milimani, siku baada ya siku, na kuandika kila walichokiona. Utafiti ule unaosifiwa kuwa mrefu kuliko mwingine wowote wa sokwe haukukatika kwa sababu ya watu wa mkoa huu. Na bado wanaitwa wasaidizi.

Na hiyo si yote. Mwaka 2009 jarida la Nature lilitangaza habari kubwa kutoka Gombe. Kabla ya hapo wataalamu waliamini kwamba kirusi cha sokwe, ndugu wa kirusi cha UKIMWI, hakimdhuru sokwe. Kumbe sokwe wa Gombe wenye kirusi hicho walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao. Elimu hiyo ni ya faida kwa wanadamu wote. Lakini vinyesi na mikojo iliyookotwa Gombe ilipimwa wapi? Ilipimwa Marekani, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Mzigo ulivuka bahari, na elimu ikazaliwa ng'ambo ya bahari. Hatumlaumu aliyepima. Tunajilaumu sisi ambao hatukuwa na mahali pa kupimia.

Mfano mwingine ni muhogo, chakula chetu cha kila siku. Katika miaka ya 1930 na 1940, kituo cha Amani, ambacho wakati huo kilikuwa cha Mwingereza, kilizalisha mihogo yenye kustahimili batobato na michirizi ya kahawia kwa kuchanganya muhogo wa kawaida na jamaa zake wa porini. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria, na huko zikawa msingi wa aina za mihogo zilizosambazwa karibu Afrika nzima. Kwetu je? Mkulima wa Kibondo bado anachimba muhogo uliooza ndani kwa michirizi ya kahawia na kudhani kwamba amerogwa. Elimu iliyozaliwa katika nchi yake haijui njia ya kwenda shambani kwake.

MARADHI HAYANGOJI BASI LA DAR ES SALAAM

Sasa tuje kwenye neno la mahali. Wako mabwana wanaosema kwamba maabara kubwa ni jambo la miji mikubwa, na kwamba huku milimani zinatosha zahanati. Maneno hayo yana harufu ya zamani. Tuwajibu kwa mambo yaliyotokea.

Machi 2023 watu walianza kufa Bukoba kwa ugonjwa usiojulikana. Damu ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, ndipo tarehe 21 Machi ikatangazwa kwamba ni Marburg. Waliougua walikuwa 9, na 6 walikufa. Januari 2025 Marburg ikaja tena, mara hii Biharamulo, ile wilaya ambamo barabara yetu ya Kasulu na Kibondo hutokea pale Nyakanazi. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, na wote 10 walikufa. Lakini safari hii kulikuwa na maabara ya kuhamishika ya Kabaile, mkoani Kagera kwenyewe. Kipimo kilifanywa huko kwanza, kisha kikathibitishwa Dar es Salaam. Hilo ndilo tunalolisema: chombo kiwe karibu na ugonjwa. Kama Marburg ingepanda basi moja tu Nyakanazi, ingeshuka Kibondo jioni ile ile. Nani angeitambua?

Tazama pia malale. Wagonjwa wamebaki wachache sana, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini katika uchache huo kuna hatari, kwa maana mganga kijana huenda hajamwona mgonjwa wa malale hata siku moja. Muha anayetoka kurina asali katika mapori ya Moyowosi na Malagarasi anakuja na homa na kichwa. Anaambiwa ni malaria, anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani. Malale ya upande wetu wa Afrika hayana subira. Katika muda wa wiki au miezi michache kijidudu kimeingia ubongoni, na mtu anasinzia mchana, anakesha usiku, anapiga kelele, na majirani wanasema ni wazimu. Dawa ya zamani ya hatua hiyo, melarsoprol, nayo ina arseniki, na iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo. Miaka zaidi ya 100 baada ya Koch, arseniki ile ile!

Leo kuna dawa ya vidonge, fexinidazole, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake ili itumike kwa malale ya aina yetu. Sasa sikilizeni vizuri. Dawa hiyo ilijaribiwa wapi kwa aina yetu ya malale? Haikujaribiwa London, wala Geneva, wala mji mkuu wowote. Ilijaribiwa katika hospitali ya wilaya ya Rumphi, Malawi, na katika hospitali ya Lwala, Uganda. Hizo ni hospitali za mashambani, kama zetu. Zilipewa darubini nzuri, mafundi waliofunzwa, na imani. Kama Rumphi imeweza na Lwala imeweza, ni dhambi gani iliyofanywa na Kasulu?

Wengine watasema wataalamu hawatakubali kukaa porini. Na Ifakara je? Mswisi aliweka maabara yake ndogo Ifakara mwaka 1957, wakati mvua ikinyesha ulikuwa hufiki huko ila kwa shida. Leo Ifakara ni taasisi kubwa inayoendeshwa na Watanzania wenyewe, na ni katika mabonde ya Kilombero na Ulanga ilikoonyeshwa kwa hesabu kwamba chandarua chenye dawa huokoa watoto wachanga. Mtaalamu hukaa mahali penye kazi ya kufanya na chombo cha kufanyia. Asiyetaka kukaa na wananchi, na akae mjini aandike mashairi.

Na kwa wale wanaosema zahanati kwanza, maabara baadaye, tunajibu hivi. Zahanati bila maabara ni askari aliyefungwa kitambaa machoni. Anapiga, lakini hajui anampiga nani. Dawa zinamalizika, adui yuko pale pale. Tulitangaza vita juu ya maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Maabara ni silaha inayowapiga wote watatu kwa risasi moja.

KUPE WEUSI WAPO PIA

Tusimseme mgeni peke yake, tutakuwa waongo. Kupe hana rangi. Wako ndugu zetu wenyewe wanaoshuka na gari la mradi, wanakusanya akina mama chini ya mwembe, wanachukua damu, wanagawa sabuni na chumvi, wanasaini posho, na vumbi la gari ndilo kwaheri yao. Ukiuliza mwaka wa pili damu ile ilisema nini, mwenyekiti wa kijiji hajui, mganga hajui, na aliyetoa damu ndiye asiyejua kabisa. Mtu wa namna hiyo akikaa kwenye mkutano Arusha akilalamika kwamba Mzungu anamnyonya, na ajitazame kwanza kwenye kioo.

Na sisi wanakijiji tunayo makosa yetu. Tunaficha ng'ombe mgonjwa asionwe na bwana mifugo. Tunachoma mapori ovyo. Tunamkimbiza mgonjwa kwa mpiga ramli mpaka hali inakuwa mbaya, ndipo tunakumbuka hospitali. Maabara haitamsaidia mtu anayeikimbia. Anayetaka haki na ashike wajibu.

TUNACHODAI

Hatuombi sadaka. Mkopo ule si zawadi ya mtu. Utalipwa kwa maharage ya Kasulu, kahawa ya Kagera, pamba ya Shinyanga, na jasho la kila mlipa kodi. Anayelipa ana haki ya kusema. Nasi tunasema hivi:

Kwanza, hata kama nyumba kuu itakaa Kigoma karibu na ziwa, yawepo matawi Kasulu na Kibondo. Kila tawi liwe na darubini, majokofu ya kuhifadhia vipimo, na fundi wa maabara anayelipwa mwaka mzima. Tumechoka na fundi anayekuja na mradi na kuondoka na mradi.

Pili, kila sampuli inayotoka katika mwili wa mwananchi, au ng'ombe wake, au shamba lake, ibaki na mwenziwe hapa hapa, na daftari la sampuli liwe wazi. Sheria si ngeni. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa mwaka 1979. Mataifa yalikubaliana Nagoya, Japani, mwaka 2010, kwamba wenye mali ya uhai wapate sehemu ya faida yake. Hatudai sheria mpya. Tunadai zilizopo zifike Uha.

Tatu, wasomi wa uhai wakae chini ya paa moja. Ndorobo hajui kwamba daktari wa watu yuko wizara moja na daktari wa ng'ombe wizara nyingine. Hunyonya damu ya mbawala asubuhi na ya mchungaji mchana. Kigoma tayari kuna TARI Kihinga wanaoshughulika na michikichi, kuna watafiti wa samaki wa TAFIRI, kuna Gombe, kuna hospitali. Leo kila mmoja ana ufunguo wake na mlango wake. Mashine moja ya kusoma vinasaba inaweza kusoma kirusi cha mtu, cha muhogo na cha sokwe. Kununua tatu ili kila bwana awe na yake ni kuchezea fedha za maskini.

Nne, ushirika uanze kwa jirani. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu hakikuonyesha pasipoti. Kambi ya Nyarugusu imekuwa katika ardhi ya Kasulu tangu 1996 ikiwapokea ndugu zetu wa Kongo. Ni ajabu gani basi kwamba msomi wetu anamjua mwenziwe wa London kwa jina la utani, lakini hamjui wa Bujumbura wala wa Uvira? Ziwa ni moja, mbu ni mmoja, maradhi ni yale yale. Ushirika wa wanyonge ndio uliotuletea Uhuru.

Tano, majibu yarudi. Kila utafiti ukimalizika, mtafiti arudi katika kijiji kile kile, asimame mbele ya mkutano, aseme kwa Kiswahili, na kwa Kiha kwa wazee, alichokiona na kinachopasa kufanywa. Asiyeweza kumweleza mkulima alichokipata katika damu yake, tuna shaka kama yeye mwenyewe amekielewa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wazee walivyosema. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apimwe. Mgeni mwenye elimu na aje kutoka popote, awe wa Ulaya, wa Marekani, wa Uchina au wa Dar es Salaam. Tutampa kiti na tutampa chakula. Lakini nyumba ni yetu, ufunguo ni wetu, na daftari tutalisoma pamoja.

Walimu wa Kasulu, waambieni watoto wa kike na wa kiume kwamba darubini hizo zinawangoja wao. Madiwani na wabunge, msikatwe utepe mkapiga makofi kabla hamjauliza maswali haya matano. Viongozi wa Chuo, tunawakaribisha kwa mikono miwili. Baba zetu walipelekwa makambini na mashambani bila kuulizwa. Sisi tunataka kuulizwa.

UHURU NA KAZI!